Kumfuata Mkwe Nisiyemtazama

Mama Lulu ndiye wa kulaumiwa kwa maandishi haya. Tangu nirudi, kila nikikaa kwenye cherehani anakuja na kigoda chake, anakaa mlangoni na kusema, "Haya, tuanzie pale Igawa." Nimesimulia mara nne, na mara zote nne mmenikatiza kabla sijafika ofisini. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na atakayelitia daftari langu mafuta ya maandazi nitamshonea sketi ya kumbana.

Kwa aliyejiunga na kwaya juzi na hanijui: mimi ni Atupele, mama Tusekile. Ni Mngonde wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Niliolewa na Daudi, Mnyakyusa, tukahamia hapa Iyunga, na kwa kuwa lugha yetu na yenu ni moja, nusu yenu mlikuwa hamjui kwamba mimi ni mgeni nchini. Mmejua mwaka huu, kama nilivyojua mimi kwamba mtu anaweza kulala kitandani kwake na bado akaogopa gari likisimama nje.

Iyunga, Jumanne

Kibali changu cha kuishi hapa kilimwegemea Daudi. Yeye ndiye raia, mimi mke wa raia. Daudi alipofariki, kibali kikabaki kinaning'inia, nikaanza kuomba cha kwangu mwenyewe, cha muda mrefu, niache kuhesabu siku. Habari za fomu nitawasamehe. Niseme tu kwamba Jumanne ile niliitwa ofisini kwa mahojiano ya mwisho, na nilikwenda nimevaa gauni langu la Pasaka.

Afisa alikuwa kijana mwembamba, mpole, amehamia Mbeya hivi karibuni kutoka pwani. Aliniuliza ya ndoa, ya mtoto, ya kazi. Nikajibu vizuri. Kisha akauliza, kama mtu anayemalizia tu, "Na baba yake marehemu, yaani baba mkwe wako, anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

Wakubwa mnajua kwa nini. Wadogo hamjui, kwa hiyo nieleze. Bibi yangu alinilea kwa desturi ya zamani. Kwetu, na kwenu pia kabla hamjaiacha, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hapokei kitu mkononi mwake, na jina lake halimtoki mdomoni maisha yote. Ninyi mnapiga nao picha harusini mmewashika mabega. Mimi sikuweza kuacha. Miaka kumi na miwili nimekuwa mkwe wa mzee yule na sijui kama ana kovu usoni au hana.

Jina lilikuwepo pale kwenye fomu, katikati ya jina la Daudi. Nikalionyesha kwa kidole. Afisa akalifunika kwa kiganja.

"Sijakuomba usome, mama. Nimekuomba uniambie."

"Nalijua," nikasema.

"Basi litaje."

"Siwezi. Ni desturi."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko angefoka. "Mama, kila anayekwama kwenye kiti hicho huwa ana desturi. Kuna watu wanatengeneza ndoa za karatasi. Mimi nitajuaje?" Akafungua kalenda yake. "Mlete mwenyewe. Aje aseme kwa mdomo wake kwamba anakutambua. Ijumaa saa nane mchana nafunga faili hili. Lisipokamilika, utarudi kwenu ukaombe ukiwa huko."

Kwetu wapi? Bibi amekufa, nyumba yake ya udongo imeshuka na mvua. Tusekile ana miaka tisa, ni mtoto wa hapa, hana pasipoti, na ningemwacha kwa nani, kwa miezi mingapi? Nilitoka pale, nikakaa kwenye ngazi za ofisi na gauni langu la Pasaka.

Na kulikuwa na woga mwingine ambao sikumwambia mtu, hata wewe Mama Lulu. Sikujua mzee ananionaje. Hajawahi kunisemesha neno hata moja, maana haruhusiwi. Siku ya msiba wa Daudi shangazi mmoja alisema kwa sauti kwamba mwanamke wa ng'ambo ndiye aliyeleta mkosi. Mzee alikuwa nje ya dirisha, alisikia, na hakumjibu. Ule ukimya nimeubeba miaka miwili, na sasa ndio niliotakiwa kwenda kuuomba msaada.

Kutoka Mbeya hadi Igawa, mtu wa shati la kaki

Jumatano asubuhi nilimwacha Tusekile kwa Mama Lulu nikapanda basi la Iringa. Mzee anaishi Ipogolo na binti yake Anna, wifi yangu. Alikuwa dereva wa malori, akachoka na barabara, akajenga pale pale barabarani.

Sijafika Uyole nikamwona. Mwanamume wa makamo, shati la kaki lililopigwa pasi, faili kwapani, amekaa upande wa pili mbele kidogo. Aligeuka akanitazama. Akageuka mbele. Baada ya kitambo akageuka tena. Nikasema moyoni, wamenitumia mtu. Wanataka kuona kama nakwenda kweli kwa mkwe au natoroka. Nikajifanya nimelala. Nikifumbua jicho, ananitazama.

Igawa basi likaharibika. Dereva alisema dakika kumi, na wote tunaosafiri barabara ile tunajua dakika kumi za dereva. Tulikaa saa tatu na nusu. Jua la kule bondeni si kama la kwetu, linakukalia kichwani. Abiria walitawanyika kwenye vibanda, wengine wakanunua mchele wa Mbarali, wengine vitunguu, wakawa kama watu waliokwenda sokoni kwa hiari yao. Mimi nilihesabu saa. Nikichelewa Ipogolo leo, mzee akikataa kuondoka kesho, Ijumaa imekwenda.

Nikaagiza wali maharage kwenye kibanda cha mwisho kabisa, mahali pa kujificha. Sijatia tonge la tatu, shati la kaki likasimama mbele yangu.

"Dada, naomba tuongee pembeni."

Nikaisukuma sahani. Nikasema, "Ongea hapa hapa. Sijafanya kosa lolote. Naenda kwa mkwe wangu Ipogolo, anayo nyumba, ulizeni."

Akabaki ananishangaa. Kisha akafungua faili polepole, akatoa pasipoti yangu, akaiweka kwenye meza huku ameifunika kwa gazeti. "Uliidondosha ngazini wakati wa kupanda," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeona ni ya Malawi. Nikasema nikiita 'ya nani hii' mbele ya basi zima, nitakuwa nimemtangaza mtu. Nimekuwa nakutazama nikiilinganisha na picha, lakini umelala njia nzima."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anashuka Makambako. Nikalia, jamani, mbele ya sahani ya maharage. Mama mwenye kibanda alidhani maharage yameungua, akaniletea mengine.

Makambako, Mafinga, Ipogolo: "Amesema amesikia"

Mwalimu aliposhuka Makambako niliona kama nimeachwa na ndugu. Baada ya hapo baridi ikaanza. Mama mmoja wa Mafinga, mwenye shamba la miti, alinisalimu "Kamwene" akakaa kando yangu, akanifunika nusu ya shuka lake bila kuniuliza. Alinieleza bei ya mbao mpaka anashuka. Sikusikia hata moja, lakini sauti yake ilinisaidia.

Ipogolo nilifika jua linaelekea kuzama. Anna alinipokea barabarani, akaniingiza kwa mlango wa jikoni, maana mzee alikuwa kibarazani mbele. Nilimweleza yote, pasipoti, Ijumaa, saa nane. Anna akaniwekea kande, akaenda mbele kumwambia baba yake. Nilisikia sauti yake inapanda na kushuka. Ya mzee sikuisikia kabisa.

Akarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi. Wifi, unamjua baba."

Nikamwambia ndiyo shida yenyewe, simjui. Nikamuuliza lile la msibani, kama baba yake anaamini nilileta mkosi. Anna aliosha vyombo muda mrefu. "Sijawahi kumuuliza," akasema. "Tangu Daudi afe hatumuulizi mambo ya Daudi." Kande ile sikuimaliza.

Alfajiri Anna alinigusa bega. "Wifi, amka. Baba yupo barabarani tangu saa kumi na moja. Amevaa koti la kanisani." Nilipochungulia kwa ufa wa mlango niliona mgongo tu, mgongo mrefu umeinama kidogo, na begi dogo la ngozi miguuni.

Viti viwili

Sasa fikirini. Anna ana mtoto mchanga, hawezi kusafiri. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mtu nisiyetakiwa kumtazama wala kuongea naye, kilomita zaidi ya mia tatu, bila mtu wa katikati. Anna alikuwa amemwambia kondakta sisi ni ndugu, na kondakta, kwa wema wake, akatupa viti viwili vya pamoja.

Mimi nilipanda kwa mlango wa nyuma, nikasimama. Mzee alipanda kwa mbele, naye akasimama. Viti vimekaa vitupu katikati yetu.

"Mama, kaa na mzee wako," kondakta akasema.

"Nitasimama."

"Mzee, kaa basi."

Mzee akatikisa kichwa, anatazama dirishani. Kondakta akatuangalia kwa zamu. "Mmegombana? Safari ndefu hii, sameheaneni." Basi zima likageuka. Kuna mama akasema huo ni ugomvi wa urithi, akina baba mkwe ndivyo walivyo, wanawanyang'anya wajane. Nilijifunika khanga mpaka puani, natamani sakafu ifunguke. Mwishowe mzee mmoja wa Tukuyu akaelewa, akacheka peke yake, akamwambia kondakta, "Wewe wa wapi? Wale wanaheshimiana. Mmoja mpeleke mbele, mmoja nyuma." Ndivyo ilivyokuwa.

Mafinga tulisimama. Nilibaki kwenye kiti. Kondakta akaja na hindi la kuchemsha, limefungwa kwenye gazeti. "Mzee wa mbele amesema upewe yule wa nyuma." Nikalishika mkononi la moto vile vile. Sikujua kama ni wema au ni desturi tu ya kulisha uliyesafiri naye. Nikamtuma kondakta ampelekee mzee chupa ya maji. Kondakta akasema sasa amekuwa posta.

Mbele ya Igawa, kizuizi. Maafisa wawili wakapanda kukagua vitambulisho, kama wanavyofanya barabara ile. Nikaipapasa pasipoti. Walianzia mbele. Walipita kwa mzee, wakaja, wakaja, mpaka kwangu. Nikatoa pasipoti na ile karatasi ya ofisini inayosema mwisho ni Ijumaa.

"Muda wako unaisha kesho, mama. Unakwenda wapi?"

"Mbeya, kukamilisha."

"Uko na nani?"

"Yule mzee wa koti jeusi. Baba wa marehemu mume wangu."

"Anaitwa nani?"

Tena. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Yule wa pili akaanza kuisoma pasipoti upya kutoka ukurasa wa kwanza. Abiria wamegeuka. Nilikuwa naona kabisa nashushwa pale, basi linaondoka, Tusekile ananisubiri kwenye ngazi za Mama Lulu.

Kisha sauti ikatoka mbele, nzito, ya mtu asiyegeuka. "Huyo wa nyuma niko naye."

Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake ikisema jambo juu yangu. Wakanirudishia pasipoti. Mpaka Chimala nilikuwa najiuliza upya: kuwa na mtu kwenye basi ni jambo moja, kumtambua kwa kiapo ni lingine.

Ofisini, Ijumaa

Mzee alilala kwa rafiki yake wa zamani wa malori, Mwanjelwa. Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa ofisini, yeye benchi la nje, mimi nyuma ya ubao wa matangazo. Mtandao ulikuwa umekatika. Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Saa saba nilisoma matangazo yote mpaka ya mwaka uliopita. Nikayaanza upya. Saa saba na dakika arobaini tukaitwa.

Chumba kidogo, viti viwili. Nilijifunika khanga, nikageuza kiti kikatazama kabati la mafaili. Nikamsikia mzee akiingia, na kiti chake kikigeuzwa kuelekea mlangoni. Afisa akawa anaongea na migongo miwili.

"Mzee, unamfahamu mama huyu?"

"Sura yake siijui," mzee akasema.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Siwadanganyi, niliona Karonga, ile nyumba iliyoshuka.

"Huijui? Mke wa mwanao, miaka kumi na miwili?"

"Sijawahi kumwona. Nikifika, anaondoka. Nikipita njiani, anaingia shambani mwa watu. Siku moja aliingia kwenye mfereji na ndoo kichwani kwa sababu yangu, akalowa." Akakohoa. Kikohozi kile nilikijua, miaka yote ndicho kilichoniambia anakuja. "Sasa wewe mwanangu umesoma. Mwanamke asiye mkwe wangu, anikimbie kwa nini? Wanawake wa Ipogolo wananipita na kunisalimu. Ni mmoja tu anayenikimbia. Ndiye huyo. Ungeniletea mwanamke akanitazama usoni akanitaja jina, ningekwambia huyu si wetu."

Afisa akaiokota kalamu. Niliona kabati la mafaili linacheza machoni.

"Tena andika," mzee akasema. "Siku ya msiba watu walisema maneno juu yake nikashindwa kujibu. Nilikuwa namlilia mwanangu, sauti haikutoka. Leo imetoka. Andika kwamba ni wetu."

Nililia ndani ya khanga kimya kimya. Afisa aliandika kwa muda. Kisha akasema kwa upole kwamba ya mzee yamekamilika, lakini kiapo changu lazima nikiseme kwa sauti, chote, na ndani yake lipo jina la marehemu kwa ukamilifu. Hana mamlaka ya kuliruka. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika sita.

Nikaanza. "Mimi Atupele, mjane wa Daudi..." Nikaishia hapo. Nikarudia. Nikaishia hapo hapo. Bibi yangu alikuwa amekaa kooni mwangu. Niliogopa kumwaibisha mzee mbele ya kijana, kwa kitu kile kile alichokuja kunisifia.

Mzee akasema, na safari hii hakumwambia afisa. "Sema, mwanangu. Wakikurudisha, nani atabaki wa kunikimbia?"

Nikasema. Daudi, mwana wa nani, wa ukoo gani. Jina lilitoka dogo na limepasuka.

Na nyuma yangu, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, mzee akaitika: "Naam."

Afisa akagonga muhuri. Hakututazama, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi.

Mzee alirudi Ipogolo Jumamosi. Nilimpeleka stendi nikiwa hatua ishirini nyuma, na basi lilipoondoka nilikuwa nimejificha kwenye kibanda cha ndizi. Kibali kimetoka wiki iliyopita, kipo kwenye sanduku la Daudi, na usiku silisikilizi tena gari linaposimama nje.

Mama Lulu, umeniuliza mara nne jina lenyewe ni lipi. Usilitafute humu. Nimelitamka mara moja maishani, na mwenyewe aliitika.